Namba Imefika, Nani Anaisoma?

Jioni ya tarehe 20 Februari 1962, madaktari walioketi Tunguu, Unguja, walikuwa wakimpima mtu ambaye hakuwa mgonjwa na wala hakuwepo Unguja. John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, alikuwa akipita juu yao, zaidi ya kilomita 150 angani, kwa mwendo wa kilomita kama 28,000 kwa saa. Wamarekani walikuwa wametawanya vituo vya kukifuatilia chombo chake kuanzia Florida hadi Australia, kimoja Kano, Nigeria, na kingine hapo Tunguu, kwa sababu redio za wakati ule zilikisikia chombo pale tu kilipokuwa juu ya upeo wa macho. Waya zilizobandikwa kifuani mwa Glenn zilituma mapigo ya moyo wake, mkanda wa mkononi ukatuma presha. Watu wa Tunguu walikuwa na dakika chache kabla chombo hakijatokomea upande wa Bahari ya Hindi, na ndani ya dakika hizo walitakiwa waseme neno moja tu: mtu huyu yuko sawa, au hayuko sawa.

Wazanzibari wengi hawakukipenda kituo kile. Wapo walioamini kabisa kuwa ni kambi ya makombora, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali ya Karume iliagiza kiondolewe, kikaondolewa mwaka huohuo. Siasa zake nawaachia wanahistoria. Mimi ni tabibu, na kituo kile nakikumbuka kwa sababu ya kitabibu: teknolojia ambayo leo wauza vifaa wanatuletea kama jambo jipya, ya kumfuatilia mgonjwa akiwa mbali, ilishafanya kazi kikamilifu visiwani kwetu zaidi ya miaka 60 iliyopita. Palikuwa na kipimo na palikuwa na njia ya kukisafirisha. Na palikuwa na mtu aliyelipwa kukaa akikisubiri kipimo hicho, mwenye mamlaka ya kusema neno na jambo likatendeka.

Hicho cha tatu ndicho tunachokisahau kila tunaponunua mashine.

Nina ushahidi wa karibu, na aibu yake ni yangu. Bi mkubwa mmoja wa Tanga, mgonjwa wangu wa miaka mingi, aliletewa mashine ya presha na mwanawe anayefanya kazi Muscat. Mashine nzuri, ya mkanda wa juu ya kiwiko. Kijana akaanzisha kundi la WhatsApp, akaliita Afya ya Mama, akaniingiza na mimi bila kuniuliza. Kila jioni mjukuu alimpima bibi, akapiga picha kioo cha mashine, akaituma. Jioni ya kwanza 171 kwa 94. Ya pili 168 kwa 90. Ya nne 178 kwa 96, na chini yake ikafuata mikono ya dua, kisha shangazi wa Dodoma akashauri kitunguu saumu kilichotwangwa na asali, kisha mtu akatuma tangazo la msiba wa jirani, na mazungumzo yakahamia kwenye mazishi.

Mimi nilikuwa nikizipitia zile picha kesho yake asubuhi nikinywa chai, katikati ya ujumbe mwingine arobaini. Nilijua kwamba namba zile si nzuri. Nilijiambia atakuja kliniki mwisho wa mwezi. Wiki tatu nzima picha zilipanda, Muscat ilikuwa inaona, Dodoma ilikuwa inaona, daktari alikuwa anaona, na bi mkubwa aliendelea kumeza kidonge kilekile cha amlodipini cha miligramu 5 alichokuwa akimeza tangu mwaka juzi. Alipokuja nilimwongeza dawa ya pili, kazi ya dakika moja na nusu. Namba ilikuwa imenifikia kwa sekunde. Uamuzi wangu ulichukua siku 21 na nauli ya basi.

"Daktari mwanangu," akaniambia akifunga mkoba wake, "mimi nilidhani ukinyamaza maana yake niko salama."

Sentensi hiyo imenikaa. Mgonjwa anayepimwa na kutuma anaamini kwamba yuko chini ya uangalizi. Ukimya wa upande wa pili anausoma kama jibu, na jibu lenyewe ni kwamba mambo ni mazuri. Asiye na mashine anajua hana, na kichwa kikimuuma atatoka aende zahanati. Mwenye mashine na kundi la WhatsApp anaweza kukaa na presha ya 178 akisubiri kuambiwa.

Utafiti unasema hivyohivyo kwa lugha kavu zaidi. Mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio 25 ya watu wenye presha wanaojipima wenyewe nyumbani. Waliojipima tu, bila mtu wa kuwafuatilia, presha yao ya juu ilishuka kwa milimita moja hivi ya zebaki, yaani hakuna kitu. Waliojipima huku wakiwa na mfamasia, muuguzi au daktari anayewapigia, anayewashauri na kuwabadilishia dawa, walishuka milimita 6. Mashine ni zilezile. Milimita 6 kwa jamii nzima ni viharusi vingi visivyotokea.

Jaribio jingine la Uingereza, lililochapishwa 2018, lilinifurahisha zaidi kwa sababu linakata maneno ya wauzaji. Wagonjwa 1,182 waligawanywa makundi matatu. La kwanza lilipata matibabu ya kawaida ya kliniki. La pili walijipima, wakaandika kwenye karatasi, wakaituma. La tatu walijipima, wakatuma kwa simu kwenye mfumo wa kompyuta uliowakumbusha na kuwaonya. Baada ya mwaka mmoja, presha ya juu ya kundi la kliniki ilikuwa wastani wa 140.4; wa karatasi 137; wa simu 136. Wa simu waliwahi kidogo miezi ya mwanzo, lakini mwisho wa mwaka kati ya karatasi na simu hapakuwa na tofauti ya maana. Makundi yote mawili yaliyojipima yalikuwa na daktari aliyezichukua zile namba na kuzitumia kupanga dozi. Hapo ndipo dawa ilipokuwa, si kwenye mnara wa simu.

Mfano mwingine ni wa kwetu kabisa, na wenzetu wa Ulaya wanautaja kuliko sisi wenyewe. Kati ya 2007 na 2010 watafiti nchini Kenya waliwafuatilia watu 538 waliokuwa wanaanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado. Nusu yao kila Jumatatu walipokea ujumbe mfupi wa simu wenye neno moja: Mambo? Walitakiwa wajibu ndani ya saa 48. Sawa, au Shida. Aliyejibu Shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Hakukuwa na programu ya kupakua, wala sanduku la dawa lenye kengele, na wengine walikuwa na simu za kitochi. Baada ya mwaka, waliokuwa wakimeza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 kwa waliotumiwa ujumbe, na asilimia 50 kwa wasiotumiwa. Virusi vilifubazwa kwa asilimia 57 dhidi ya 48.

Nikiwafundisha vijana wa udaktari nawaambia walitazame neno lile kwa makini. Mambo? haimtaji mtu wala ugonjwa, haikumbushi dawa. Mume akiokota simu ya mkewe anaona salamu. Ukilinganisha na kundi letu la Afya ya Mama, ambamo presha ya bi mkubwa ilikuwa inasomwa na watu ishirini na kitu akiwemo mpangaji wa zamani ambaye hakuna aliyekumbuka kumtoa, utaona nani alifikiria siri ya mgonjwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019. Sina hakika kama kuna daktari yeyote, mimi nikiwemo, aliyewahi kuzikumbuka akiwa anafungua picha ya mgonjwa kwenye simu yake.

Na pia neno lile liliweka jukumu mahali pake. Kunyamaza kulikuwa na maana iliyokubaliwa: ukinyamaza, tunakutafuta. Linganisha na ule ukimya wangu wa wiki tatu.

Nisiwafanye wenzangu wa Kenya malaika. Baadaye walijaribu mtindo huohuo Kibera, safari hii wakitazama kama ujumbe ungewafanya watu wasipotee kliniki mwaka wa kwanza, na hapakuwa na tofauti kati ya makundi. Neno zuri kwenye simu halitoshi kila mahali na kwa kila lengo. Mtu anayehama Kibera kwa sababu ya kodi ya nyumba hatarudishwa na salamu.

Kwenye ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu, kumfuatilia mgonjwa akiwa mbali kumejaribiwa mara nyingi sana, na huo ndio uwanja wangu, kwa hiyo mnivumilie. Moyo ukichoka, maji hujikusanya mwilini. Mgonjwa huvimba miguu, hulala na mito mitatu, kisha usiku mmoja hukosa pumzi na kukimbizwa hospitali. Lakini mwili hautoi taarifa usiku huo kwa mara ya kwanza. Uzito huanza kupanda wiki moja au zaidi kabla, na presha ndani ya mishipa ya mapafu hupanda mapema kuliko hapo. Kwa hiyo wazo linavutia sana: mpe mgonjwa mizani, ajipime kila asubuhi baada ya kukojoa na kabla ya chai, ukiona kilo mbili zimeongezeka kwa siku tatu, mwongezee dawa ya kutoa maji, na ule usiku wa kukosa pumzi hautafika.

Wamarekani walilijaribu wazo hili kwa wagonjwa 1,653, matokeo yakatoka 2010. Mgonjwa alipiga simu kila siku kwenye mashine ya sauti, akajibu maswali kwa kubonyeza namba, akaingiza uzito wake. Baada ya miezi sita, waliokufa au kulazwa tena walikuwa asilimia 52.3 kwa waliofuatiliwa na 51.5 kwa wasiofuatiliwa. Bure. Mmoja kati ya saba hakuwahi kuitumia mashine ile hata mara moja, na ilipofika mwisho ni nusu tu na ushei waliokuwa bado wanapiga angalau mara tatu kwa wiki. Nani angeendelea kuongea na mashine kila asubuhi kwa miezi sita?

Wajerumani wakalijaribu kwa namna nyingine. Wagonjwa 1,571, mizani, mashine ya presha, kipimo cha umeme wa moyo na kipima oksijeni cha kidoleni, vyote vikituma vyenyewe hadi kituo kimoja kilichopo hospitali ya Charité, Berlin. Kwenye kituo hicho kulikuwa na madaktari na wauguzi saa 24, siku zote za wiki. Walikuwa wanampigia mgonjwa, wanabadili dawa, wanamwita, au wanampigia daktari wake wa mtaani. Matokeo ya 2018: siku ambazo mgonjwa alizipoteza kwa kulazwa ghafla au kufa zilishuka kutoka 24.2 hadi 17.8 kwa mwaka, na vifo vilipungua kutoka 11.3 hadi 7.9 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Desemba 2020 Ujerumani ikaamua bima za umma zilipie huduma hiyo.

Mashine za kundi la Berlin zilikuwa bora zaidi, sikatai. Lakini ukiniuliza nini kiliokoa watu, nitakuonyesha muuguzi wa zamu ya usiku.

Huyo muuguzi ana gharama. Hapo ndipo Waingereza walipokwama. Walifanya jaribio kubwa katika Cornwall, Kent na mtaa wa Newham wa London, watu 3,230 wenye kisukari, ugonjwa wa moyo au wa mapafu. Baada ya mwaka vifo vilikuwa asilimia 4.6 kwa waliofuatiliwa dhidi ya 8.3 kwa wasiofuatiliwa. Serikali ikashangilia. Kisha wachumi wakapiga hesabu, wakapata kwamba kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya ulioongezwa uligharimu kama pauni 92,000, wakati taifa lile siku hizo kwa kawaida lilikubali kulipia kati ya pauni 20,000 na 30,000. Shangwe zikapungua.

Wamarekani nao, tangu 2019, bima yao ya wazee imekuwa ikilipia huduma hii kwa mafungu: fungu la kumfundisha mgonjwa, fungu la kifaa, fungu la mtu wa kuzisoma namba na kuzungumza naye. Ili kifaa kilipiwe ilibidi kitume vipimo angalau siku 16 kati ya 30. Siku 16 hazikutoka kwenye kitabu chochote cha utabibu ninachokijua. Zilitoka kwenye kitabu cha malipo. Na mkaguzi wa serikali alipochunguza, akaripoti mwaka 2024 kwamba wagonjwa kama asilimia 43 walikuwa hawakupata mafungu yote matatu. Kifaa kimelipiwa, msomaji hayupo, au msomaji amelipiwa na kifaa hakijulikani kilipo. Ukilipia vifaa, utapata vifaa.

Turudi nyumbani na hesabu ya kalamu na karatasi, maana hapa ndipo mikutano ya uzinduzi huwa haifiki. Chukua kliniki moja ya wilaya yenye wagonjwa 400 wa presha. Wote wape mashine, wote watume asubuhi na jioni. Hizo ni namba 800 kwa siku. Tuseme ni tano tu katika kila mia zinazohitaji mtu afanye jambo. Simu 40. Kila simu dakika kumi, ukihesabu na mtandao unaokatika, na "subiri nimwite mama yuko jikoni", na swali la dawa za mjomba. Dakika 400, karibu saa saba. Huyo ni muuguzi mmoja mzima, kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, asiyechoma sindano, asiyezalisha, asiyefunga kidonda. Ni kliniki gani unayoijua yenye muuguzi wa ziada wa namna hiyo?

Kinachotokea kwa kawaida ni kwamba kazi hiyo anapewa muuguzi ambaye tayari ana foleni mlangoni. Wiki ya kwanza anazisoma zote. Wiki ya pili anazisoma jioni. Mwezi wa pili simu ya kliniki imezimwa sauti na imewekwa kwenye droo, kwa sababu inalia kila mtu anapofika 141. Nimeiona droo hiyo kwa macho yangu, kwenye kituo nitakachokiacha bila jina, na ndani yake mlikuwa na simu mbili, chaja, na nusu andazi. Simlaumu muuguzi yule hata kidogo. Mfumo uliomtaka ashtuke mara arobaini kwa siku ulikuwa unamfundisha asishtuke.

Dawa yake ipo na si ya gharama. Kengele isilie kwa namba moja, ilie kwa mwelekeo: wastani wa siku kadhaa umepanda, au mtu aliyekuwa anatuma amekatika ghafla. Namba za kutisha kabisa, kama 200 kwa 120, ziwe na njia yake ya haraka. Na zaidi ya yote, muuguzi apewe ruhusa iliyoandikwa na kusainiwa ya kupandisha dozi kwa hatua zilizopangwa bila kumngoja daktari. Bila ruhusa hiyo, anayesoma namba anakuwa tarishi: anaiona 178, anaipeleka kwa daktari, na daktari, kama yule wa Tanga, anakunywa chai.

Nina neno pia juu ya namba zenyewe, maana namba mbovu ikisafiri haraka inabaki mbovu. Bi mkubwa alipokuja kliniki nilimwomba mjukuu anionyeshe anavyompima. Mkanda ulipita juu ya mkono wa baibui. Bibi alikuwa amekunja nne, anaongea, na mkono umening'inia. Na mkanda wenyewe ulikuwa wa saizi ya kawaida kwenye mkono mnene. Jaribio moja la Marekani la 2023 lilionyesha kwamba anayehitaji mkanda wa saizi kubwa kabisa akipimwa kwa ule wa kawaida, presha ya juu husomeka zaidi kwa wastani wa milimita 19.5. Nilipompima upya kwa mkanda unaomtosha, baada ya kumkalisha kimya dakika tano, nilipata 162. Bado ni presha ya kutibiwa, ila si ile ya kumfanya kijana wa Muscat akose usingizi.

Kwenye kipima oksijeni cha kidoleni kuna jambo linalotugusa sisi zaidi. Kifaa hicho hupitisha mwanga kwenye ngozi, na ngozi nyeusi huupokea mwanga tofauti na nyeupe. Mwishoni mwa 2020, katikati ya janga la korona, madaktari wa Michigan walichapisha walichokiona: kwa wagonjwa ambao kidole kilionyesha oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, yaani ya kuridhisha, damu iliyochotwa kwenye mshipa ilionyesha chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na kwa asilimia 3.6 ya vipimo vya weupe. Katika kipimo kimoja kati ya tisa hivi, kifaa kilikuwa kinamwambia mtu mweusi kwamba yuko sawa naye anaishiwa. Tunaponunua vifaa hivi kwa maelfu ili vitumwe vijijini, swali la vilijaribiwa kwenye ngozi za nani lingepaswa kuwa kwenye zabuni, ukurasa wa kwanza. Sijaona zabuni ya namna hiyo, ingawa sijaona zabuni nyingi.

Vifaa vinakuja, kwa vyovyote. Septemba 2023 Kenya iliwakabidhi wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari, kipimajoto na mizani, pamoja na simu ya kuingizia taarifa. Tanzania Januari 2024 ilizindua mpango wake wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Haya ni mambo makubwa na nayaunga mkono kwa mikono miwili. Kwa muda mrefu tulikuwa tukimsubiri mtu aanguke ndipo tujue ana presha. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya 2023 kwamba kati ya watu wazima wote wenye presha duniani, ni kama mmoja tu kati ya watano ambaye presha yake imedhibitiwa. Mhudumu anayebisha hodi na mkoba ni nafasi ya kuwafikia wale wanne.

Ila mhudumu huyo akishapima na kuona 190, na kipima sukari kimemwonyesha 18, nini kinafuata? Anaandika rufaa. Mgonjwa anakwenda kituoni kwa miguu, anakuta dawa zimekwisha, anaambiwa akanunue duka la dawa, anarudi nyumbani. Mhudumu akirudi mwezi ujao anapima tena, 190. Baada ya ziara ya tatu mgonjwa ataanza kumkwepa, na sitashangaa. Na stripu za kupimia sukari zikiisha, kifaa kile kinakuwa pambo la mkobani. Bajeti ya stripu na ya vidonge ni ya kila mwezi na haina utepe wa kukatwa mbele ya kamera, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kusahauliwa.

Kwa hiyo mtu akija ofisini kwako, wewe mganga mkuu wa wilaya au mwenye hospitali binafsi, na kompyuta yenye ramani ya rangirangi inayoonyesha wagonjwa wako wote kama taa za rangi nyekundu na kijani, mkaribishe kahawa na umwulize mambo machache. Taa ikiwa nyekundu saa nane usiku, simu ya nani italia? Huyo atakayepokea ana ruhusa ya kufanya nini? Mshahara wake umo kwenye bei hii, au mnategemea muuguzi wangu? Mgonjwa akinyamaza siku tano, nani anamtafuta? Akianza kukuonyesha tena ramani, kahawa imekwisha.

Na wewe msomaji ambaye una mashine kabatini, uliyotumiwa na mtoto aliye ng'ambo au uliyoinunua Kariakoo, huna haja ya kusubiri mfumo wa mtu yeyote. Nunua daftari la shule. Kwa siku saba, asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kula, vua mkono wa nguo, kaa umeegemea, miguu yote chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, nyamaza dakika tano. Pima mara mbili, dakika moja katikati, andika zote mbili hata ile usiyoipenda. Siku ya kwanza ifute, zilizobaki zitafutie wastani. Ukizidi 135 kwa 85, peleka daftari kliniki, liweke mezani mbele ya daktari, na usiondoke kwenye kiti mpaka akuambie ameamua nini.

Bi mkubwa wa Tanga sasa ana daftari. Kundi la WhatsApp bado lipo, linatumika kwa misiba.